Shangazi wa Rafu ya Nne

Saa mbili asubuhi, na mwanamke wa miaka hamsini na mmoja anapandishwa juu akiwa amefumba macho.

Amesimama ndani ya kizimba cha chuma, mkanda wa usalama umembana kiunoni, mkono mmoja umeng'ang'ania reli na mwingine umeshika skana. Foklifti inakinyanyua kizimba polepole, nacho kinatikisika kidogo kila kinapopita rafu moja. Rafu ya pili. Rafu ya tatu. Midomo yake inachezacheza, na ukimtazama kutoka chini utadhani ameshaanza kuhesabu mizigo kabla hajaifikia.

"Sihesabu kitu," anasema baadaye akiwa ameshuka. "Namwomba Mungu."

Kizimba kinaposimama kwenye rafu ya nne, ndipo anafumbua macho. Anaelekeza skana kwenye lebo iliyobandikwa kwenye chuma, anabonyeza, mwanga mwekundu unapita juu ya ile mistari myeusi ya barkodi, na skana inalia: tii. Anaielekeza kwenye lebo ya mzigo. Tii. Anaandika idadi. Kwa mujibu wa kazi, hapo amemaliza.

Yeye hajamaliza. Anaichomeka skana kiunoni, anavua glovu, anapeleka mkono nyuma ya maboksi na kuyapapasa moja baada ya jingine, kama mama anayempapasa mtoto aliyelala na homa. Anatafuta unyevu.

"Shangazi, tunachelewa!" dereva wa foklifti anapaza sauti.

"Kama unachelewa, tangulia," anajibiwa kutoka juu.

Dereva anacheka peke yake. Akitangulia yeye, huyo mama atashukaje?

Katika ghala hili kila mtu anamwita Shangazi. Mlinzi wa getini anamwita Shangazi, madereva wa malori wanaokuja mara moja kwa mwezi wanamwita Shangazi, hata meneja, ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yake mkubwa, anamwita Shangazi bila kuona haya. Alipokubali kuzungumza na mwandishi alitoa sharti moja tu: jina lake lisiandikwe. "Andika Shangazi," alisema. "Jina langu lenyewe, hapa ukiliita mimi mwenyewe sigeuki."

Jina hilo alibandikwa na kijana mmoja, mtoto wa marehemu kaka yake. Siku ya kwanza alipoanza kazi hapa, miaka sita iliyopita, kijana huyo alipotea katikati ya safu ishirini za rafu akitafuta choo. Alipoona hatoki, akasimama na kuita kwa sauti yake yote, "Shangaziii!" Ghala zima likasikia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na kuanzia mchana huo mama akawa Shangazi wa kila mtu.

Kijana mwenyewe walimwita Twiga, kwa urefu wake. Walikuwa wakimtania kwamba yeye hahitaji ngazi, asimame tu ahesabu rafu ya nne kwa macho.

Kwa sasa Twiga amelala kitandani, na huu ni mwezi wa nane. Kuanzia kiunoni kwenda chini hajisikii kitu. Na katika watu wote wanaomjua mama huyu, ni mmoja tu asiyemwita Shangazi, naye ndiye huyo mwenye haki ya damu ya kumwita.

Ili kuelewa yaliyotokea, inabidi kwanza uielewe skana.

Yenyewe haina makuu. Ina umbo la bastola, kioo kidogo kwa juu na kitufe mahali pa kidole, ndiyo maana wafanyakazi huiita bastola, na anayeingia zamu huaga kwa kusema anakwenda vitani. Ile ya Shangazi imefungwa mpira kwa nyuma ili betri isidondoke. Kioo humwambia mhesabuji aende safu gani, rafu gani. Akifika husoma lebo ya mahali, kuthibitisha kwamba amefika kweli. Husoma lebo ya mzigo, huandika idadi, kisha kioo humpa mahali pengine. Ofisini, idadi ile huonekana papo hapo kwenye kompyuta, na mteja akiagiza bidhaa kompyuta haiendi kuchungulia rafuni. Inaiamini bastola.

"Zamani tulihesabu kwa karatasi, kalamu iko sikioni," anasema Shangazi, ambaye amefanya kazi hii kwa miaka kumi na minne. "Ilikuwa taabu. Ila karatasi haikukimbizi."

Skana inakimbiza. Pembeni mwa kioo kuna kitone cha rangi. Kikiwa cha kijani, unakwenda kwa kasi inayotakiwa. Cha manjano, unachechemea. Kikiwa chekundu, msimamizi anakuja kukuuliza kama umeolewa na hiyo rafu. Anayemaliza wiki nyingi na kijani hupata posho ya kasi, ambayo ni karibu robo ya anachopeleka nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa wengi wao, robo hiyo ndiyo kodi ya chumba.

Sasa rafu ya nne iko juu sana, karibu na mabati. Hakuna namna ya kuisoma lebo yake bila kupandishwa na kizimba. Na kizimba, mwaka juzi, kitasa cha mlango wake kiliharibika. Kikatundikwa kibao kilichoandikwa USITUMIE, na kibao kile kikakaa pale mpaka kikashika vumbi. Ikabaki ngazi moja ndefu ya magurudumu, inayogombaniwa na ghala zima, na inayoyumba ukiwa juu yake.

Wakati huo, katika zamu ya Shangazi kulikuwa na binti aliyekuwa mjamzito wa miezi saba. Kitone chake kilikuwa chekundu tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Alikuwa akipanda ile ngazi huku ameshika tumbo, na siku moja Shangazi alimkuta amekaa chini ya safu ya sita analia, hawezi kupanda wala hawezi kuacha.

Shangazi alikwenda kwenye mashine ya kuchapia lebo. Akachapa nakala za lebo za rafu ya nne, akazibandika nyuma ya nguzo, usawa wa kifua, mahali ambapo mtu anasimama tu na kunyoosha mkono. Akamwita yule binti, akamwonyesha. Tii.

"Skana haina macho," anasema. "Ukiipa ile nakala, inajua umefika."

Nakala zile wakaziita mapacha. Idadi ulikuwa unaikadiria kwa kutazama kutoka chini, maboksi ya mbele mara maboksi ya nyuma, na kama haikubadilika unaandika ileile ya juzi. Kitu chepesi hakihitaji kutangazwa. Yule binti alijifungua salama, akanyonyesha, akarudi kazini, na alipokuja alikuta mapacha yamejaa kwenye nguzo za safu zote ishirini. Vitone vilikuwa vya kijani tangu getini hadi ukutani. Msimamizi alikuwa akipita, anaona, anageuza shingo. Kijani hakina maswali.

Shangazi anachokonoa gundi iliyokauka kwenye mpira wa skana yake.

"Nikikwambia nilifanya kwa ajili ya yule binti, ni kweli," anasema. "Lakini si kweli yote. Mimi naogopa juu. Tangu utotoni sipandi hata stuli bila kushikwa mkono. Yeye alijifungua, akapata nafuu yake. Mimi ndiye niliyeendelea."

Mvua zilipoanza, bati moja juu ya safu ya tisa lilikuwa limetoboka. Halikuwa tundu kubwa. Maji yalidondoka tone kwa tone nyuma ya maboksi ya makopo ya rangi ya ukuta, upande ambao aliye chini hauoni. Kwa mbele maboksi yalikuwa makavu, yamepangwa vizuri, maandishi yanasomeka. Wahesabuji walipita, wakasoma pacha, wakaandika kumi na sita. Wiki iliyofuata, kumi na sita. Na iliyofuata.

Hakuna aliyeandika uongo, na hilo ndilo linalomtafuna. Maboksi yalikuwepo yote kumi na sita. Yalikuwa yameoza tu.

"Hesabu ilikuwa sahihi," anasema. "Halikupungua hata moja. Ningekuwa nimekosea hesabu ningejua nitubu nini. Mimi nilihesabu vizuri kitu ambacho sikukiona."

Siku ya ajali Twiga hakuwa na habari ya mapacha ya safu ya tisa wala ya bati lake. Kazi yake haikuwa kuhesabu bali kutoa mizigo iliyoagizwa. Bastola yake ilimwambia: safu ya tisa, rafu ya nne, maboksi sita ya rangi nyeupe. Akamwita dereva wa foklifti, akasimama kando kusubiri.

Dereva huyo, mtu wa makamo anayependa mzaha, hapendi kuizungumzia siku ile. Anazungumza akiwa ameshika usukani wa foklifti iliyozimwa.

"Nilishusha kama ninavyoshusha siku zote, taratibu," anasema. "Tulipofika usawa wa rafu ya pili, boksi la chini likafumuka kama mkate uliolowa kwenye chai. Yaliyo juu yakainama. Nikasikia mluzi unakatika. Twiga alikuwa anapiga mluzi, basi ukakatika hapohapo."

Makopo yalipasuka. Rangi ilimfunika Twiga kichwa hadi miguu, na waliokimbilia pale hawakujua waanzie wapi.

"Unatafuta damu huioni," anasema dereva. "Kila kitu ni cheupe. Tukafikiri labda amepona."

Hakupona. Kopo moja lilimpiga chini ya mgongo. Na sakafu ya safu ya tisa ina doa jeupe mpaka leo. Wamelisugua kwa petroli, wamelikwangua kwa chuma, limegoma. Ukifuatana na Shangazi kazini utaona akifika safu ya nane anakata kona, anazungukia nyuma, anatokea ya kumi. Safu ya tisa anaihesabu akiwa ndani ya kizimba tu, hagusi sakafu yake.

Jioni ya ajali, kabla wakaguzi hawajafika, mapacha yote yalibanduliwa. Hakuna aliyetoa amri, au hakuna anayekiri kuitoa. Nguzo zikabaki na alama za gundi. Siku ya pili ikasemwa kwamba Twiga alisimama ndani ya mstari wa njano, mahali pasiporuhusiwa mtu mzigo unaposhushwa. Maana yake kosa ni lake, na mwenye kosa hana fidia. Dereva anauliza mstari huo wa njano uko wapi, kwa sababu yeye ana miaka saba pale na hajawahi kuuona. Ulifutwa na magurudumu zamani.

Siku ya tatu wafanyakazi wote walikusanywa, meneja akasoma maelezo hayo, akauliza kama kuna mwenye neno. Hiyo ni namna ya kufunga kikao. Haijawahi kuwa swali.

Shangazi akanyoosha mkono.

"Nilisema, aliyehesabu pale mara ya mwisho ni mimi, siku chache kabla," anakumbuka. "Nikasema sikupanda. Nikasema kizimba kimeharibika, hakuna aliyekuwa akipanda, tulikuwa tunasoma mapacha, na mapacha niliyachapa mimi. Nikasema mtoto hakukosea. Basi, nikakaa."

Nini kilifuata? Alikuwa mkuu wa wahesabuji; akavuliwa cheo hicho pamoja na posho yake, akapewa onyo la maandishi. Kwa nini hakufukuzwa, analieleza kwa cheko lisilo na furaha. "Wakinifukuza itabidi waeleze kwa nini kizimba kilikaa bila kitasa muda wote ule. Nami nikipiga kelele zaidi nitakosa hata hiki kidogo. Tumeshikana mashati. Hakuna anayetaka kuachia kwanza."

Madai ya fidia ya Twiga bado yanajadiliwa. Mwandishi alipoomba maelezo ofisini aliambiwa suala liko kwenye vyombo husika, akaonyeshwa mlango kwa adabu. Matibabu yalilipwa hadi kijana alipotoka hospitali. Baada ya hapo, kila kitu kinasubiri uamuzi, isipokuwa nepi za watu wazima na dawa ya vidonda, ambazo hazijui kusubiri. Theluthi ya mshahara wa Shangazi, ambao nao umekatwa, inakwenda huko.

Wenzake hawakumshukuru kwa ukweli wake. Kizimba kilitengenezwa, ndiyo, kitasa kipya kinang'aa. Lakini ni kimoja kwa safu ishirini, na kasi inayotakiwa na skana haikupunguzwa hata kidogo. Watu wanapanga foleni ya kizimba huku vitone vikigeuka vyekundu mikononi mwao. Posho imewatoroka karibu wote.

"Ulimi uliponza kichwa," anasema mhesabuji mmoja, mwanamume mwenye watoto wanne. "Wa kwake umeponza vichwa vyetu. Mimi simchukii, lakini mwenye nyumba wangu hapokei ukweli, anapokea kodi."

Wakati wa mapumziko Shangazi hukaa peke yake karibu na bomba. Wanamsalimia, "Shangazi hujambo," wanapita. Hata yule binti wa mapacha hukaa meza nyingine.

"Simlaumu," anasema Shangazi. "Ana mtoto."

Alasiri ya siku ambayo mwandishi alikuwa naye, kizimba kilichukuliwa kwenda upande wa pili wa ghala. Imebaki safu ya kumi na saba tu. Shangazi amesimama chini yake akisubiri, skana mkononi, kitone kimetoka kijani kikaenda manjano. Msimamizi akaja. Ni kijana mpole, si mtu mbaya. Naye juu yake kuna mwenye kioo chake na vitone vyake.

"Shangazi, weka idadi ya jana, twende nyumbani."

"Jana niliiona ya jana."

"Ni sabuni tu, Shangazi. Sabuni inaenda wapi?"

"Ndiyo nataka nipande nikaiulize."

Msimamizi akapumua, akaondoka. Kitone kikawa chekundu. Shangazi akageuza skana, kioo kikaangalia chini, akaendelea kusubiri. Kizimba kilirudi zamu ikiwa inakwisha, watu wameshaanza kubadili nguo. Akafumba macho, akapanda.

Kutoka ghalani hadi nyumbani kwa wifi yake ni mwendo wa kutosha kulowesha nguo kwa jasho, na Shangazi huutembea kila jioni kabla hajaenda kwake. Wifi yake, mama yake Twiga, anakaa vyumba viwili nyuma ya duka la fundi viatu. Kitanda cha mgonjwa kimeinuliwa kwa matofali ili mama asiumie mgongo anapomgeuza. Ni kitanda kizuri, ila kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Miguu ya Twiga inapitiliza, kwa hiyo mwishoni wameweka stuli yenye mto juu yake, na miguu imelala pale, imevishwa soksi ingawa mwenyewe hajui kama ina baridi au joto.

Wifi mtu anampokea mgeni kwa kiti, kisha anamsogelea Shangazi na kumvua mkoba begani bila kusema neno. Wamezoeana hivyo. Wanasimama mmoja huku, mmoja kule, wanashika shuka. "Moja, mbili, haya." Twiga anageuzwa. Wanatazama mgongo wake, wanapaka dawa, wanarudisha shuka. Mgonjwa anatazama ukuta.

Uani, akifua, wifi anazungumza na mwandishi kwa sauti ya chini.

"Angenyamaza, mwanangu angempenda mpaka leo, na kampuni ingesema kosa ni la mwanangu," anasema. "Kasema, basi labda tutapata chochote, lakini ameniachia nyumba ambayo watu hawasemeshani. Sijui nimshukuru au nimpige. Siku nyingine nataka vyote viwili."

Maana Shangazi alikwenda hospitali akamwambia Twiga yeye mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Alimwambia yote, mapacha, safu ya tisa, idadi ya kumi na sita. Twiga alikuwa bado hawezi kugeuza hata shingo vizuri. Akafumba macho. Tangu siku ile alikaa wiki nyingi bila kumwambia neno. Shangazi anakuja, anamgeuza, anamwosha, anaondoka. Kuusemesha ukuta ni nafuu, anasema, kwa sababu ukuta hujawahi kuubeba mgongoni ukiwa mdogo.

Kisha jioni moja, mwezi wa nne tangu ajali, akiwa anakunja shuka, akasikia sauti nyuma yake.

"Umepanda?"

Hakukuwa na salamu wala jina. Shangazi aligeuka, shuka bado mkononi. Siku ile alikuwa amepata ngazi, ameifikia rafu ya tatu, akaogopa, akashuka. Kizimba kilikuwa bado hakijatengenezwa.

Siku ya pili yake alikwenda kwa meneja, akasema hahesabu rafu ya nne ya safu yoyote hadi kizimba kitengenezwe, waandike onyo la pili kama wanataka. Alikaa siku kadhaa na kitone chekundu, mikono imekunjwa. Kitasa kipya kikaletwa.

Tangu hapo Twiga anauliza kila jioni, na leo pia. Mgeni amekaa kwenye kiti, taa imewashwa, na Shangazi anafunga chupa ya dawa.

"Umepanda?" anauliza Twiga, macho yako ukutani.

"Nimepanda."

"Zote?"

"Zote. Ya kumi na saba nimeisubiri mpaka zamu ikaisha."

"Umeona nini?"

"Vumbi. Manyoya ya ndege. Boksi moja la sabuni limechanika pembeni, tumelishusha."

"Unyevu?"

"Nimepapasa. Hakuna."

Kwenye stuli, soksi moja imeteleza kidogo, na Shangazi anaipandisha.

"Ile ya tano, upande wa mlango," anasema Twiga. "Mvua ikija kwa upepo inaingia pale. Kaangalie."

"Nitaangalia."

"Usiangalie. Shika."

"Nitashika."

Twiga anafumba macho. Mazungumzo yamekwisha, ndiyo hayo tu hadi kesho. Shangazi anasimama kidogo zaidi ya inavyohitajika, ameshika chupa iliyokwisha kufungwa, kama mtu aliyesahau kitu anachokijua. Kisha anachukua mkoba wake, anamwambia wifi yake walale salama, anatoka.

Nje, kwenye ukuta wa fundi viatu, mwandishi anamuuliza anatarajia nini. Mwandishi anadhani atataja fidia, au kurudishiwa cheo, au daktari mwingine. Shangazi anavitaja vyote vitatu harakaharaka, kama mtu anayesoma lebo. Fidia ikitoka, anasema, wataagiza kitanda kirefu. Cheo hataki tena. Madaktari wamesema hakuna la kufanya, ila Mungu si daktari.

Halafu anaegemea ukuta, anavua kiatu kimoja na kukung'uta mchanga ambao haumo.

"Ghala zima linaniita Shangazi," anasema. "Asubuhi hadi jioni, Shangazi, Shangazi, mpaka masikio yananiuma. Jina alinipa yeye. Sasa yeye ananiuliza umepanda, umeona nini, kama vile anaongea na bastola."

Anavaa kiatu.

"Nitapanda mpaka aniite. Hata akiniita kwa kunitukana. Aseme, Shangazi, wewe ndiye uliyeniua. Nitaitika abee, kama mtoto."

Anaaga na kuondoka. Kesho ataanza na safu ya tano.